Tofauti ya Pili

1

Washenga wa Twaha walifika nyumbani kwetu wakati baba ana hina kwenye ndevu na mfuko wa nailoni umefungwa kidevuni, pilau bado ni mchele, na mbuzi bado ni mbuzi.

Mimi nilikuwa chumbani nachungulia kwenye upenyo wa pazia, kama inavyompasa binti anayeposwa: haonekani, hasikiki, lakini hakuna kinachompita. Nikawaona watu watano wanashuka kwenye gari mbele ya geti, kanzu zimenyooka, makoti juu ya kanzu. Aliyetangulia alikuwa Mwalimu Mbwana Kaniki wa Mombo, mshenga wao, ameishika kwa mikono miwili barua ya posa iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe. Nikatazama saa yangu ya mkononi. Nadhani Korogwe nzima ni mimi tu niliyebaki na kitu hicho, nami nakivaa kwa sababu ya kazi. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Mapokezi tulipanga yawe saa tano.

"Shangazi," nikanong'ona, "watu wamefika."

Shangazi Mwanahawa alikuwa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo. "Watu gani?"

"Washenga."

"Usinitanie saa hizi, nina kazi."

Geti likagongwa. Aliyekwenda kufungua ni baba mwenyewe, Mzee Halfani Shemdoe, akiwa na msuli na fulana yenye matundu, mkono mmoja umefunika kidevu. Akafungua kidogo, akatoa jicho moja.

"Nyinyi ni nani?"

Balaa lilianzia hapo. Kwetu washenga hawapokelewi kirahisi. Wenye nyumba hujifanya hawawajui, huwauliza wametoka wapi, huwaambia wamepotea njia, na mshenga anayeijua kazi yake hujibu kwa maneno matamu mpaka afunguliwe. Swali hilo Mwalimu Kaniki alikuwa amelifanyia mazoezi mwezi mzima.

"Sisi ni wapita njia," akajibu kwa sauti ya kughani. "Tumesikia nyumba hii ina ua, harufu yake imetufikia hadi Mombo."

"Hapa hakuna ua. Hapa watu hawajanywa hata chai. Rudini mlikotoka!"

Mwalimu akawageukia wenzake, uso umemchanuka. "Mmesikia? Hii ndiyo nyumba yenye wenyewe. Siku hizi watu wanafungua tu kama duka."

"Nimesema ondokeni!"

"Mgeni hafukuzwi kabla hajaeleza shida yake, mzee wangu."

"Shida yako utaieleza baadaye! Humu ndani kuna watu hawajaoga!"

Wale wanne wa nyuma wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Hiyo ya kutokuoga ni mpya. Sijapata kuisikia popote."

Baba akalibamiza geti. Kule nje wakaanza kuimba. Shangazi, ambaye mpaka wakati huo alikuwa bado anaamini ni wahuni wa mtaani, akachukua bakuli la maji aliyooshea mchele akayarusha juu ya ukuta. Nikasikia kelele, kisha sauti ya mzee mmoja ikisema kwa furaha, "Baraka hizo! Tumenyunyiziwa baraka!"

Kifaa changu kikalia sikioni. Ni Twaha, mchumba wangu, anayeendesha mitambo ya kuchimba madini chini ya Bahari ya Pasifiki. Kwake ilikuwa jioni na alikuwa ametoka kazini.

"Vipi, wameshapokelewa?"

"Baba amewafungia geti."

"Safi sana! Mzee wako anajua mila."

"Twaha, wamemwagiwa maji."

"Maji pia? Aisee, nyinyi Wasambaa hamna mchezo." Akakata akiwa anacheka.

Baba alifungua geti mara ya pili kwa hasira, na safari hii akasahau kufunika kidevu. Mwalimu Kaniki akaufungua mdomo atoe shairi lake la pili, macho yake yakatua kwenye mfuko wa nailoni. Yakateremka kwenye fulana, ambako hina ilikuwa inadondoka. Yakapita begani kwa baba hadi kwa mbuzi, aliyekuwa amefungwa kwenye nguzo anakula majani bila wasiwasi wowote, na kwa shangazi mwenye bakuli tupu mkononi.

"Mzee Shemdoe," akasema kwa sauti ya kawaida, "hamkuwa mnatutegemea?"

"Niliwategemea! Baada ya masaa mawili na robo tatu!"

Hakuna aliyepiga makofi.

Baba alikuwa msimamizi wa stesheni ya reli kwa miaka thelathini na moja, na hasira zake zote hupitia relini. "Gari moshi likichelewa," akasema, "abiria watanuna, basi. Lakini linaloingia stesheni kabla ya wakati wake linagonga lililoko kwenye njia. Linaua watu. Nyinyi mmenivizia kabla sijavaa, mmechungulia vyungu vyangu vitupu. Barua hiyo siipokei. Leo siipokei na kesho siipokei. Kijana anayemtuma mjumbe asiyejua saa atanitunzia vipi binti yangu?"

Geti likafungwa, komeo likarudi mahali pake. Mimi nikaliachia pazia. Nilikuwa nimempenda Twaha kwa miaka minne, na baba yangu akishasema neno mbele ya watu halirudi nyuma.

2

Kabla sijaendelea, nikiri kwamba aliyeiharibu posa ile ni mimi mwenyewe, Sikudhani Shemdoe, mhandisi wa saa.

Tangu ipitishwe Sheria ya Ukanda wa Kazi, kila mtu anaishi kwa saa za mahali kazi yake ilipo, hata kama mwili wake umelala Korogwe. Mama yangu anafundisha watoto wa mji mmoja wa Kanada. Washenga walipokuwa wanaimba getini, kwake ilikuwa saa nane usiku naye alikuwa anakoroma, na hakuna mtu mwenye akili anayemwamsha mwenzake saa nane usiku. Jirani yetu wa kulia analinda maghala ya Osaka kwa kamera. Mtaa wetu una nyumba arobaini na kanda kumi na tisa. Saa za ukutani ziling'olewa zamani, kwa kuwa kila nyumba zilizusha ugomvi. Kumuuliza mtu saa yake sasa ni utovu wa adabu, sawa na kumuuliza mshahara.

Kilichobaki ni Mkalimani. Kila mtu ana kifaa chake sikioni. Ukisema "tukutane Jumamosi kabla ya adhuhuri", Mkalimani anaiandika ahadi hiyo kwa saa moja tu, saa ya dunia, isiyo na ukanda wa mtu yeyote. Kisha anakwenda kwenye jedwali, anatafuta mstari wa kila mwalikwa, anajumlisha au anatoa tofauti yake, halafu siku ikifika anamwambia sikioni: Jiandae. Ondoka sasa. Hakutajii saa. Anakutajia la kufanya.

Kulitunza jedwali hilo ndiyo kazi yangu. Si kazi ndogo. Kuna nchi zinazosogeza saa zao mbele zikifika kiangazi na kuzirudisha baadaye, na kuna moja iliwahi kubadilisha ukanda wake Jumatano kwa tangazo lililotoka Jumanne jioni. Mimi na wenzangu tulitafsiri yote hayo bila kukosea hata sekunde. Na bado watu walichelewa. Kampuni ikawa inapokea malalamiko elfu tisa kwa wiki. Maharusi walimlaumu Mkalimani, wagonjwa walimlaumu Mkalimani, na kadhi mmoja aliondoka na daftari lake la ndoa akaapa harudi tena mpaka tuombe radhi.

Basi alasiri moja, miaka saba iliyopita, niliongeza safu kwenye jedwali. Mkalimani alikuwa tayari anajua kila mtu ameambiwa aondoke lini na amefika lini. Kutoa moja kwenye nyingine ni hesabu ya darasa la tatu. Mtu aliyezoea kuchelewa dakika arobaini nilimpa ukanda wake wa siri, dakika arobaini kabla ya wenzake. Kwa ofisini nikaiita Tofauti ya Pili, na kwenye jedwali nikaiandika "Marekebisho ya Mzunguko wa Dunia", ili asitokee mtu wa kuifungua kwa udadisi. Niliijaribu kwanza kwa kamati ya wapangaji wa jengo letu. Kikao kilianza na watu wote kumi na wanne wamekaa. Katibu alilia.

Leo safu hiyo ina watu milioni sitini. Vikao vinaanza, waganga wanawakuta wagonjwa wao, marehemu hawasubirishwi. Mimi nilipewa cheti kwenye sherehe iliyoanza kwa wakati. Waliojua siri tulikuwa wawili, mimi na mkuu wangu, Bi Tekla.

Nikaufungua mstari wa Mwalimu Kaniki. Tofauti ya pili: masaa mawili na robo tatu. Ilikuwa mojawapo ya kubwa kabisa mkoani, na sikushangaa, maana alinifundisha darasa la nne. Kipindi chake kilikuwa cha kwanza, yeye alikuja cha pili, na hesabu za sehemu tulifundishana wenyewe. Tulimwita Mwalimu Nakuja. Hakuwa mvivu wala mjeuri. Akiambiwa aondoke, kwa moyo wake alikuwa ameshaondoka. Ni vile tu kuondoka kwake kulikuwa na chai ndani yake, na kutafuta kofia, na kurudi kuchukua miwani, na kumjulia hali jirani aliyekuwa na jino bovu.

Siku ya kumzika mama yake aliingia msibani watu wananawa mikono wale. Hakuna aliyemcheka siku hiyo, na hilo lilimuuma kuliko kuchekwa.

Halafu akabadilika. Hivyo ndivyo Mombo yote ilivyoamini, naye wa kwanza. Miaka sita mfululizo Mwalimu Kaniki alifika kila mahali watu wakiwa ndiyo wanakaa. Wakamfanya katibu wa chama cha kuzikana. Shule zikawa zinamwalika awaeleze watoto jinsi mtu mzima anavyoweza kuacha tabia ya miaka hamsini kwa nia tu. Na ukoo wa kina Twaha ukamchagua awe mshenga, kwa sababu walijua baba yangu ni mtu wa stesheni.

Nikasoma kumbukumbu za asubuhi ile. Aliambiwa aondoke: saa moja na dakika ishirini. Aliondoka: saa moja na dakika ishirini na moja. Nikasoma tena. Hakunywa chai, hakutafuta kofia. Alipita kuwachukua wenzake wanne mmoja mmoja, ambao Mkalimani alikuwa bado hajawaambia kitu, nao wakaingia garini bila kuuliza, kwani nani amuulize mshenga saa yake?

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake yule mzee alifika pale alipoambiwa, wakati ule ule alioambiwa. Na kwa ajili hiyo alikuwa amefungiwa geti, amekaa ukingoni mwa mtaro na koti limelowa maji ya mchele.

3

"Sema ni hitilafu ya mtambo," Bi Tekla akaniambia sikioni. "Hitilafu haina baba wala mama. Hakuna atakayeudhika."

"Na nikisema ukweli?"

"Ukweli upi? Sikudhani, ukimwambia mtu kwamba anadanganywa robo saa, kesho ataila hiyo robo saa. Watu milioni sitini wataanza kujumlisha na kutoa. Dawa hii inafanya kazi kwa sababu mgonjwa hajui kama anaimeza. Ukifungua mdomo utakuwa umepoteza kazi yako, umepoteza yangu, na kikao cha kwanza cha nchi hii kitaanza mwakani."

Binti anayeposwa hatoki uani mbele ya washenga. Nikatoka. Shangazi alinirushia khanga ya kunifunika uso, ikamwangukia mbuzi.

Nje nilikuta geti limefunguliwa nusu. Baba amesimama ndani, washenga wanne wamesimama nje, na Mwalimu Kaniki bado amekaa ukingoni mwa mtaro.

"Shikamoo mwalimu," nikasema. "Shikamooni wazee. Baba, nisamehe. Kosa si la wageni. Ni hitilafu ya mtambo, nimeiona sasa hivi. Mkalimani amewaambia vibaya."

Nikauona uso wa baba ukilegea. Mtu wa stesheni anaielewa hitilafu ya mtambo. "Aa," akasema. "Kama ni mtambo..."

"Hapana, mwanangu," Mwalimu Kaniki akasema. "Usinisitiri."

Akainuka pale mtaroni kwa shida. "Mtambo huo umenifikisha sawasawa miaka sita. Hauwezi ukaamka leo ukakosea kwangu peke yangu. Ni mimi. Usiku mzima sikulala kwa kuiwaza kazi hii. Nimeona haya kuchelewa mpaka nikakimbia. Ugonjwa wangu haujapona, umegeuka upande tu." Akamkabidhi barua mzee aliyekuwa karibu naye. "Mzee Shemdoe, kijana hana kosa. Wataleta mshenga mwingine. Mimi mtu wa saa siye, na hizo hadithi ninazowasimulia watoto wa shule nitaziacha."

Baba akakohoa. Hasira zilimwishia, nami namjua, hawezi kumwona mtu mzima akijishusha hivyo. "Basi," akasema taratibu. "Waje Jumamosi ijayo na mshenga mwingine. Tutawapokea."

Ikawa imekwisha. Posa imepona. Twaha wangu, kazi yangu, Bi Tekla, nchi na vikao vyake, wote salama. Kilichotakiwa kwangu ni kunyamaza tu na kurudi ndani. Niligeuka, hata nikapiga hatua mbili. Nasema kweli, nilitaka sana kurudi ndani.

Lakini mzee alikuwa anavua koti la mshenga, anahangaika na kifungo.

"Mwalimu," nikasema, "vaa koti."

Nikawaeleza yote, nimesimama pale pale kati ya geti na mbuzi. Nikawaeleza safu niliyoongeza na jina la uongo nililoipa. Nikawaeleza kwamba kila mmoja wao ana ukanda wake wa siri, na kwamba Mwalimu Kaniki anaambiwa aondoke masaa mawili na robo tatu kabla ya wenzake, miaka sita sasa. Sikioni Bi Tekla alisema, "Mungu wangu," kisha akakata.

Wa kwanza kuongea alikuwa shangazi.

"Na mimi ninayo?"

"Unayo, shangazi. Yako iko kinyume. Unaambiwa saa moja na nusu baadaye, kwa sababu kwenye shughuli za watu unafika mapema mno na unaonja."

"Mimi naonja chumvi!" shangazi akasema. "Nawasaidia!"

Baba akajiweka sawa, kifua mbele. "Mimi najua sina. Sema mbele yao."

"Dakika kumi na moja, baba."

"Kumi na moja?" Alikuwa kama amepigwa na kitu usoni. "Miaka thelathini na moja stesheni! Kumi na moja za nini?"

"Za kutafuta miwani."

Wale washenga wanne walianza kucheka, kisha kila mmoja akakumbuka kwamba naye ana namba yake, wakaacha.

Mwalimu Kaniki hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama kama alivyokuwa ananitazama ubaoni nikikwama, anasubiri.

"Siku ile ya hospitali," akasema. "Mke wangu alipozidiwa, Mkalimani aliniambia niondoke. Nilimkuta Zaina bado anaongea. Tuliongea nusu saa nzima. Miaka yote nimekuwa najiambia, Mbwana, ule ulifanya vizuri, ule uliwahi. Na siku ile pia?"

Niliijua kumbukumbu hiyo, nilikuwa nimeipitia chumbani. Usiku ule hospitali walimwita afike kukikucha. Mkalimani, kwa kumzoea, alimwambia ni dharura ya dakika ile ile hata kabla madaktari hawajaiita dharura. "Na siku ile pia, mwalimu."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi hiyo siwezi kuichukia," akasema. "Nikitaka kuichukia, nashindwa." Akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha barua, halafu akaona alichokifanya akakikunja vizuri tena. "Kwa hiyo miaka sita hakuna hata siku moja niliyowahi mimi."

"Ipo moja."

"Lini?"

"Leo. Uliambiwa uondoke saa moja na dakika ishirini. Umeondoka na dakika ishirini na moja. Saa niliyokupa ilikuwa ya uongo, lakini kuitii umeitii mwenyewe. Ndiyo maana mambo yameharibika."

Baba akageuza shingo. "Dakika moja? Tangu aambiwe mpaka gari limeondoka?"

"Dakika moja, baba."

Baba akafikiria. Nilijua anachokifikiria, maana katika maisha yake yote ya reli alikuwa akiwasimulia madereva wa gari moshi aliowahi kuwaheshimu, na hawakufika watatu. Akalisukuma geti mpaka mwisho. Akasahau kabisa mfuko kidevuni.

"Ingieni," akasema. "Hatujapika, mtasubiri. Lakini barua nitaipokea kwa mkono wa huyu huyu."

Mwalimu Kaniki hakuingia. Alinisogelea, akalitoa lile dude sikioni akaniwekea kiganjani.

"Mwambie aweke nyingine," mmoja wa wenzake akamshauri kwa sauti ya chini. "Aweke namba usiyoijua, mambo yaendelee kama zamani. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," mwalimu akasema. "Binti yangu, wewe ulinionea huruma, na huruma yako imenifikisha kwa Zaina. Nakushukuru. Lakini usinionee tena bila kuniambia." "Weka sifuri. Nikichelewa, nichelewe mwenyewe."

Nikaweka sifuri.

4

Hadi adhuhuri Korogwe yote ilikuwa imejua, na hadi jioni nilikuwa sina kazi. Jumatatu watu walipanga foleni nje ya geti letu, kila mmoja anataka namba yake kutoka nakala ya jedwali niliyobaki nayo, na waliopewa ndogo wakawa wanaitaja sokoni kama shahada. Mama aliamka saa zake akakuta foleni, mwanawe amefukuzwa na mume ana ndevu nyekundu kupita kiasi, akaomba aelezwe taratibu. Baada ya siku tisa kampuni ikamtaka Mkalimani amuulize kila mtu swali moja: unataka kuambiwa wakati wako halisi, au uendelee kusaidiwa? Bi Tekla alinipigia kunijulisha kwamba watu milioni arobaini na mbili wamechagua kusaidiwa. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Nikamwambia sina neno, maadamu wameulizwa. Kazi hakunirudishia.

Siku ya kutoa majibu ya barua aliyoipokea baba ilikuwa Jumamosi ya tatu. Safari hii tulikuwa tayari mno. Pilau lilikuwa limeiva, mbuzi hakuwa tena mbuzi, ndevu zimekauka. Mama aliomba ruhusa kazini akavaa kitenge kipya ingawa kwake kulikuwa hakujapambazuka. Twaha alikuwa sikioni kwangu kutoka kule chini ya bahari, kila baada ya dakika mbili ananiuliza kama wamefika.

Saa tano ikafika. Ikapita. Hakuna gari.

Baba alitoka akasimama getini, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama jukwaani stesheni. Robo saa. Nusu saa. Shangazi akafunika sufuria na kuweka makaa juu ya kifuniko. "Atakuwa amerudia," akasema. Baba alikuwa amevumilia mara moja, na sijawahi kumwona akivumilia jambo lile lile mara mbili. Nikajilaumu: siku ile ningeweka hata dakika thelathini tu, za siri, nani angejua.

Tukasikia gari linakuja kwa kasi kutoka barabara kuu. Likasimama vibaya, gurudumu moja mtaroni. Mwalimu Kaniki akashuka wa kwanza, kofia imekaa upande, jasho linamtiririka. Wenzake walishuka nyuma yake wakitazama chini kwa aibu. Yeye hakutazama chini. Alikuja moja kwa moja hadi mbele ya baba yangu akasimama wima kama mwanafunzi.

"Dakika hamsini," baba akasema.

"Nilikunywa chai," mwalimu akakiri. "Nikasema nisinywe, nikanywa. Halafu nikarudia miwani." Akanigeukia mimi niliyekuwa nimechomoza kichwa mlangoni. "Hamsini kutoka masaa mawili na robo tatu. Ni zangu hizi? Hujanisaidia hata moja?"

"Zako zote, mwalimu."

Mzee akacheka hadi kofia ikamwanguka. Baba akainama, akaiokota, akaipangusa vumbi kwenye kanzu yake mpya na kumvalisha kichwani mwenyewe.

"Nyinyi ni wapita njia wabovu," akamwambia. "Ingieni, chakula kinapoa."